Wadau wa Pemba: niliyemuona kijitoni Ngezi ni salamanda au macho yangu?

Kijana wa Konde:
Asalaam alaykum. Juzi baada ya ile mvua ya usiku tuliingia Ngezi mimi na jamaa zangu pamoja na mtembezaji wa msitu, tukafika kile kijito kinachokatiza kwenye miwale, mimi nikageuza gogo lililooza pembeni ya maji nikakuta kiumbe. Urefu wa kidole cha kati au kidogo zaidi, mgongo mweusi unang'aa kama kapakwa mafuta ya nazi, miguu mifupi mnoo, mkia mrefu. Kabla sijasema kitu kashateleza majini. Nimeangalia video za Marekani usiku mzima, wallahi ni salamanda yule, mnyama wa jamii ya chura mwenye umbo la mjusi. Najua mtaniambia Afrika hawapo, ila nauliza, nani kakaa akawatafuta Pemba hasa akasema hawapo?

Popo Mla Embe:
Waalaykum salaam. Picha?

Kijana wa Konde:
Simu ilikuwa kwa mwenzangu, alichopiga ni giza na mguu wangu.

Popo Mla Embe:
Basi tujadili mguu 😂

mwalim_bio:
Nijibu lile swali lake mana watu wengi wanalo. Salamanda ni ukoo mmoja na vyura, ngozi tupu yenye unyevu, hana gamba. Afrika wapo lakini kaskazini tu, Morocco, Algeria na Tunisia huko. Ukishavuka Sahara kuja huku hakuna hata aina moja inayojulikana. Na si kwamba hawajatafutwa, Pemba imepitiwa na wakusanyaji wa Kijerumani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, huyo popo wetu wa Pemba kwa kizungu kapewa jina la Voeltzkow aliyekuja kipindi hicho. Walibeba mijusi, nyoka, vyura, popo. Salamanda hakuna.
Kwa hiyo dau langu: huyo ni mjusi. Na si mjusi wa kawaida, kuna mmoja anaitwa Mochlus pembanus, jina lake lenyewe limetoka kisiwani kwenu, kaandikwa kisayansi mwaka 1913. Mwili laini unang'aa, miguu midogo utadhani kabandikwa, anakaa chini ya majani na magogo yaliyooza. Soma tena maelezo yako mwenyewe halafu uniambie.

BintiWete:
mwalim umemaliza uzi mapema hivo sie wengine tuchangie nini

Yakhe Yakhe:
Hajamaliza chochote. Mjusi wa chini ya majani akifukuzwa anaingia kwenye majani, hajitupi majini. Mi nimezaliwa Makangale, wale wanaong'aa tunawafukua kila siku tukilima muhogo, hapana siku nimeona mmoja wao kaogelea. Kijana kasema kaingia majini.

mwalim_bio:
@Yakhe Yakhe mjusi yeyote akibanwa ataingia popote, hata kenge hakufundishwa kuogelea. Ila nakubali si kawaida yao. @Kijana wa Konde maswali: alikuwa na kucha? Alikuwa na tundu la sikio pembeni ya kichwa? Vidole vya mbele vinne au vitano? Salamanda karibu wote wana vinne mbele, vitano nyuma, hawana kucha na hawana tundu la sikio. Mjusi wa jamii hiyo ana vitano kila mguu, kucha anazo na magamba anayo hata kama yamelala mpaka unaona laini.

Kijana wa Konde:
Mwalimu kiumbe kaonekana muda wa kupepesa jicho we unaniuliza kucha?

Fundi Tochi:
Ndo shida ya watu wa kugeuza magogo bila mpangilio. Mi nimekwenda sana na watafiti wa vyura huko bara kama mbeba mizigo, nimejifunza kitu. Kwanza hugeuzi gogo kwa kuinua ule upande ulio kwako halafu unashangaa, unashika upande wa mbali unalivuta kuja kwako ili liwe baina yako na kilichomo, kama ni nyoka anatokea upande wa pili. Pili kabla hujagusa gogo mwenzako ashakuwa na tochi na simu mkononi imewashwa. Tatu, na hili watu hawalifanyi, unalirudisha VILE VILE lilivyokuwa, upande ule ule chini, taratibu. Chini yake kuna unyevu uliojengeka miezi, ukiliacha limepinduka umeshavunja nyumba ya watu. Wanyama wenye ngozi kama ya chura wakikauka wanakufa.

Zanzibari wa Tennessee:
Nashukuru kukuta uzi huu. Mi niko Marekani huku karibu na milima ya Great Smoky, ndo kwenyewe kwa salamanda, wapo aina 30 hivi kwenye hifadhi moja tu. Mwanangu wa skuli kanilazimisha kuwapenda. Niseme machache. Wengi wao huku hawana mapafu kabisa, wanapumua kwa ngozi, ndo mana utawakuta kwenye vijito vya baridi na majani yaliyolowa. Halafu kuna jitu moja linaitwa hellbender, linafika mpaka sentimita 74, linalala chini ya jiwe kubwa mtoni mchana kutwa na kula kamba wa maji baridi usiku. Mwisho wa 2024 serikali ya huku ilipendekeza awekwe kwenye orodha ya walio hatarini. Na wenye hifadhi wanakataza watu kupanga na kugeuza mawe ya mtoni kwa sababu hiyo hiyo aliyosema Fundi Tochi, dume anatagiwa mayai chini ya lile jiwe na analinda mwenyewe, we unalitoa upige selfi.
Sasa kwa alivyoeleza kijana (mweusi, anang'aa, chini ya gogo, mvua imenyesha usiku) ningekuwa huku nisingeuliza mara mbili. Lakini joto la Pemba na lile la vijito vya huku mbalimbali kabisa.

Popo Mla Embe:
dume analinda mayai?? BintiWete unasikia

BintiWete:
Nasikia. Wa kwetu wanalinda barza.

Mvuvi Mstaafu:
Nyinyi vijana mnakwenda mbali bure. Huyo ni mkunga mdogo. Mikunga ya maji baridi inapanda kutoka baharini ikiwa midogo kama uzi, inapita mikokoni, inaingia vijitoni, inakaa miaka mpaka ikue ndo inarudi bahari kuu kuzaa, wanasema upande wa Madagascar huko. Usiku wa mvua hata nchi kavu inapita kwenye majani mabichi. Nyeusi, inang'aa, inateleza, haishikiki. Mnataka nini tena?

Yakhe Yakhe:
Miguu babu.

Mvuvi Mstaafu:
Ana mapezi mawili pembeni ya kichwa. Usiku kwa tochi mtoto wa mjini ataita miguu.

Kijana wa Konde:
Mzee wangu shikamoo, mi wa Konde si wa mjini, na mapezi nayajua. Miguu ilikuwa minne. Miwili ya nyuma niliiona vizuri kuliko ya mbele.

Mvuvi Mstaafu:
Marahaba. Basi sawa umeona miguu. Lakini mkunga yumo kijito hicho.

bi_shamba:
Miguu ya nyuma ilionekana zaidi ya mbele? Hilo neno limepita hivi hivi na mimi naona ndo ufunguo. Ndubwi akigeuka chura miguu ya nyuma inatangulia kutoka, ya mbele baadae, na mkia bado upo. Kuna kipindi kifupi anakuwa na miguu minne na mkia mrefu. Mbona hamna aliyemtaja?

mwalim_bio:
Bi_shamba naomba nikuvulie kofia. Na kuna vyura wa mitini, jamii ya Leptopelis, msitu wa pwani unao. Hawatagi majini hao, jike anafukia mayai kwenye udongo wa unyevu karibu na kijito, mvua ikija vindubwi vinatoka vinaingia majini. Na ndubwi wao si wale wa duara wenye kitambi mnaowaona madimbwini, ni warefu wembamba wenye mkia mnene wa nguvu, wana umbo la mkunga hasa. Akikaribia kugeuka, miguu ipo, mkia upo, rangi nyeusi, na baada ya mvua kubwa anakuwa pembeni ya maji. Bado nasimama na mjusi wangu ila hii nimeitia kwenye mizani.

Mvuvi Mstaafu:
"Umbo la mkunga hasa." Asante mwalimu.

Kaa la Moto:
Mie nauliza kitu kimoja, pale mlipokuwa ni juu msituni au ndo kule kijito kinakaribia mikoko? Mana mnasema kijito kijito, Ngezi kubwa.

Kijana wa Konde:
Chini chini, baada ya miwale kwisha. Mikoko unaiona kwa mbali. Maji nilionja yana chumvi kwa mbaali.

Kaa la Moto:
😂😂😂 UNAONJA MAJI na hujatuambia tangu jana. Chura na salamanda wote ngozi yao haiwezi maji chumvi, wachache sana duniani wanavumilia. Mimi nasema ni wale samaki wa mikokoni wanaorukaruka juu ya matope, macho yametokeza juu ya kichwa, wanatembelea mapezi ya mbele utadhani miguu. Maji yakijaa wanapanda mpaka ndani huko.

Yakhe Yakhe:
Chini ya gogo lililooza? Na samaki wale rangi ya matope na madoadoa, hawang'ai.

Kaa la Moto:
Akilowa anang'aa. Kila kitu kikilowa kinang'aa, hata wewe.

Amani Tanga:
Habari za visiwani. Mi niko Amani, Usambara. Msiwasahau ndugu wa tatu wa chura na salamanda, wale wasio na miguu wanaoishi ardhini, huku tunao, Boulengerula, mtu akimuona anasema mnyoo mkubwa wa rangi ya bluu kijivu. Binamu yake wa Taita Hills huko Kenya ndo kiboko, mama anajenga ngozi ya nje yenye mafuta na watoto wanaibandua na kuila, wataalamu walilitangaza mwaka 2006. Kwa hiyo mkisema Afrika Mashariki haina vitu vya ajabu vya jamii ya salamanda si kweli, vipo, havina miguu tu.

Popo Mla Embe:
Watoto wanakula ngozi ya mama. Na bado wangu analalamika dagaa.

bi_shamba:
Lakini hivyo ni vya milimani bara, Pemba vitafikaje? Unguja iliungana na bara kipindi bahari imeshuka, mkondo wa kati ni wa kina kifupi, ndo mana chui walikuwepo Unguja. Mkondo wa Pemba unafika mita 800 kwenda chini. Pemba imejitenga zamani mno, chui hakuna, na kima punju walioko Ngezi waliletwa na watu miaka ya sabini. Kisiwa kilichojitenga muda wote huo kina vyake: popo, bundi wake mdogo, ninga wa Pemba, yule mjusi wa kijani wa mchana Phelsuma parkeri, na mtende wa mpapindi. Sasa hoja hii inakata kote kuwili. Yule anayesema "hakuna kitu kigeni" kisiwa chenyewe kinamcheka, na yule anayesema salamanda aniambie alivuka na jahazi la nani.

Zanzibari wa Tennessee:
Anaweza kuja na mtu. Huku maduka yanauza axolotl, salamanda wa majini, kama samaki wa urembo, yule wa Mexico wa Xochimilco, kwao porini wamekwisha karibu wote lakini kwenye matangi ya vioo duniani wamejaa. Mtu akichoka anamwaga mtoni.

BintiWete:
Nani Pemba anafuga axolotl jamani, umeme wenyewe wa kupoza maji uko wapi

Zanzibari wa Tennessee:
Hoteli?

BintiWete:
Haya, sasa tumefika kwenye hoteli.

Mwanakombo K:
Nimesoma yote nimecheka ila hakuna anayesema la wazee. Mahali maji ya mto yanakutana na ya bahari, giza la usiku, kiumbe anaonekana mara moja tu kisha kamera haishiki kitu. Bibi yangu angekuambia ni chunusi, yule jini wa majini, na usirudi hapo bila kusoma chochote.

mwalim_bio:
Chunusi wa kidole cha kati?

Mwanakombo K:
Ndo mdogo. Mkubwa yupo karibu.

Popo Mla Embe:
🏃🏾‍♂️🏃🏾‍♂️

DkKijijini:
Wakati mnacheka, mimi la kwangu ni miguu ya Kijana. Uliingia majini pekupeku? Kichocho cha mkojo Pemba bado kipo, wale konokono wadogo wa maji baridi, Bulinus, ndo wanaokibeba, wanakaa kwenye vijito na mabwawa yaliyotulia yenye majani. Vijidudu vinatoka kwenye konokono vinaingia kwenye ngozi ukiwa umesimama tu. Chumvi chumvi ile konokono hawaipendi, lakini mlipita huko juu kwenye miwale kabla ya kufika. Vaa mabuti ya mpira. Na kama ulikwenda pekupeku kapime mkojo baada ya wiki kadhaa, usisubiri kuona damu, dawa ipo, ni vidonge vya praziquantel na si ghali.

Kijana wa Konde:
Dokta umenitia hofu kuliko chunusi. Nilivaa kandambili.

DkKijijini:
Kandambili ni pekupeku.

Fundi Tochi:
Na mabuti yenyewe yaoshwe. Kuna ukungu wa kuvu unaoua vyura duniani, unasafiri kwenye tope la viatu na ndoo na nyavu. Huko Ulaya kuna ndugu yake unaokula salamanda tu, uligunduliwa 2013 kule Uholanzi salamanda wakafa karibu wote sehemu ile. Na hapa kwetu Tanzania tunao mfano, wale vyura wa Kihansi. Walionekana 1996, wanaishi kwenye mvuke wa maporomoko tu, bonde moja dogo dunia nzima. Bwawa la umeme likaanza 2000 maji yakapungua kama asilimia 90, wakawekewa mipira ya kunyunyiza, wakarudi kidogo, halafu 2003 wakaporomoka ghafla na ukungu ule ukakutwa kwenye maiti zao. Mpaka 2009 ikatangazwa hawapo tena porini. Bahati kuna 500 hivi walishapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, wakazaa huko, wakarudishwa kuanzia 2012.
Kwa hiyo mkitoka Morogoro msije na tope la huko mkaingia nalo Ngezi. Brashi, maji, jiki kidogo, unakausha juani, na maji ya kuoshea humwagi kijitoni. Na usipake dawa ya mbu mikononi halafu ukashika chura, ngozi yake inanyonya kila kitu.

Yakhe Yakhe:
Fundi Tochi kumbe mbeba mizigo gani wewe, unajua kuliko wenye mizigo

Fundi Tochi:
Mizigo ilikuwa mizito, njia ndefu, wanazungumza njia nzima.

bi_shamba:
Na mnatafuta vikubwa vya mbali, vidogo vya ajabu viko kwenye vifuu vya nazi. Unguja kule Jozani kuna chura wa ardhini mdogo mno, Mertensophryne micranotis, sentimita mbili hivi, anazaa kwenye maji kidogo yaliyobaki kwenye tundu la mti, au kifuu cha nazi, au gamba la konokono. Ndubwi wake ana kitu cha duara kichwani kinachozunguka macho na pua, kinamsaidia kupumua juu ya maji, mana kule ndani ya kifuu hewa ni ndogo. Kila mtu anapita anapiga picha kima punju, kifuu hakuna anayeinama. Pemba nako vifuu vimejaa.

Kijana wa Konde:
Hicho nitakiangalia. Sasa naomba mniambie nikirudi nifanyeje, mana mtembezaji kasema tukipita getini ofisini tukalipa utaratibu wa kawaida atatupeleka usiku, kashazoea kupeleka watu kumsikiliza bundi.

Fundi Tochi:
Nenda usiku mvua imekatika, si inaponyesha. Tochi uishike usawa wa jicho au uvae ya kichwa, ndo utaona macho yanang'aa. Ya kamba wa mtoni yanawaka rangi ya machungwa chini ya maji, ya buibui yako kama vumbi la almasi kwenye majani, ya chura makubwa yametulia. Tembea dhidi ya mkondo ili tope unalotibua likuache nyuma. Chukua chombo cha plastiki cha wazi, ukimpata mtie na maji ya pale pale, piga picha juu, chini na ubavu, weka shilingi pembeni ijulikane ukubwa, mrudishe palepale. Usimshike mkavu.

mwalim_bio:
Na picha ya mguu wa mbele tafadhali. Vidole.

Zanzibari wa Tennessee:
Huku siku hizi hata hawamtafuti kwa macho, wanachota maji ya mto wanayachuja na kupima vinasaba vilivyoachwa na ngozi ya mnyama. Hellbender wanamjua yupo au hayupo bila kugusa jiwe. Pale Wawi kuna maabara ya Ivo de Carneri, wanajua kazi ya konokono na kichocho vizuri tu.

DkKijijini:
Wana kazi za watu wanaokojoa damu, ndugu yangu, waache.

Kaa la Moto:
Mi nimepita jana kule mikokoni maji yanajaa nikaangalia kwa makusudi. Wale samaki wamepanda mpaka kwenye mizizi ya miti ya nchi kavu. Gogo lenyewe nimeliona, limegeuzwa, halikurudishwa 👀

Fundi Tochi:
KIJANA.

Kijana wa Konde:
Lilikuwa zito.

Yakhe Yakhe:
Chini yake kulikuwa na nini Kaa?

Kaa la Moto:
Kaa wawili wadogo na yule mjusi wa kung'aa wa mwalimu. Nimemsukuma kwa kijiti.

mwalim_bio:
Akaenda wapi?

Kaa la Moto:
Kwenye majani.

Yakhe Yakhe:
Nilisema.

mwalim_bio:
Mmoja si ushahidi. Maji yalikuwa mbali naye kiasi gani?

Mvuvi Mstaafu:
Jumamosi bamvua, usiku maji yatajaa mpaka juu huko. Anayekwenda aniambie, nitakuja na mgono wangu wa mikunga.

bi_shamba:
Mgono unaruhusiwa hifadhini babu?

Mvuvi Mstaafu:
Basi nitakuja na tochi.